Mshubiri Uliokatazwa Maji

Nimestaafu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi na kiinua mgongo, na mimi nina miaka kumi na minane na sina hata kimoja kati ya hivyo, lakini sijui niiteje siku ile Mwalimu Komba aliponisimamisha mbele ya paredi nimkabidhi Oresta koleo, kisu na ufunguo wa stoo. Nikakabidhi. Watu wakapiga makofi kwa sababu waliambiwa wapige. Oresta wa kidato cha tatu akaninong'oneza, "Dada Stela, sasa mimi naanzia wapi?" Nikamwambia nitakuandikia. Kusema mbele ya watu siwezi, na hata mbele ya mtu mmoja huwa nachagua siku. Kwenye karatasi naweza.

Kwa hiyo Oresta, na wewe utakayempokea Oresta, haya ndiyo ninayoyajua kuhusu bustani kavu. Habari za jinsi nilivyopata ukiranja wa mazingira naziruka, hazina utamu wowote. Hakuna mwingine aliyeutaka.

Bustani yenyewe mnaiona kila siku mkienda kuanika nguo, ule mteremko wa mawe nyuma ya bweni la wasichana, unaotazama ziwa. Mwalimu Komba wa biolojia aliianzisha kwa hasira, nadhani. Kila mwaka alikuwa anapanda maua mbele ya ofisi, na kila mwaka ikifika Agosti bomba linakohoa mara mbili, linanyamaza, na maua yanakufa huku ziwa zima linaangalia. Maji ya kuchota yanatosha jiko na kuoga; hakuna wa kupandisha ndoo mlimani kwa ajili ya ua. Ndipo akaacha kupanda anachokipenda akaanza kupanda kinachokubali. Kwenye miamba ya ufukwe wetu wa Mbamba Bay kuna mshubiri. Siyo ule wa kwenye picha za sabuni na mafuta ya nywele. Huu ni wa hapa hapa, majani manene yenye miiba pembeni, umejibana kwenye ufa wa jiwe ambapo hata mjusi anapita haraka kwa joto, na mwezi wa sita, wakati vingine vimeanza kukauka, wenyewe unatoa maua mekundu. Hakuna aliyewahi kuumwagilia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kidato cha kwanza, mvua za Januari zinanyesha, nimeshuka kutoka Mpepai na sanduku la bati na sweta ambalo huku ziwani sikulivaa hata mara moja. Mwalimu alitupeleka sisi wageni kwenye mteremko, akatuonyesha rundo la miche ya mishubiri, akasema, "Tayarisheni sehemu za kupandia, narudi," akaenda darasani. Kundi letu karibu wote tulitoka juu, Mpepai, Namswea, huko kwenye kahawa. Sasa mpe Mmatengo mteremko na jembe halafu umwambie atayarishe. Hatukuulizana hata. Tulifyeka nyasi, tukazilaza kwa miraba, tukachimba udongo wa katikati ya kila mraba tukazifunika nyasi, mpaka mteremko mzima ukawa mashimo mashimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Kwetu ndivyo mlima unavyolimwa ili mvua isikimbie na udongo. Maji yanatulia shimoni, mahindi na maharage yanakaa juu ya matuta. Na kwa kuwa tulishasikia kwamba ziwani ni kukavu, tukaongeza na akili zetu: mishubiri tukaipanda shimoni kabisa, ipate maji yote.

Kiranja wakati huo alikuwa Dada Skola wa kidato cha tatu, Mnyasa wa hapa hapa, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliyeko mtumbwini. Alikuja akasimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Jamani hawa Wamatengo! Ukimpakulia wali atakuchimbia ngoro kwenye sahani, mchuzi usikimbie!"

Mwenzangu mmoja akamjibu kutoka shimoni, "Na nyie mkipewa shamba mnauliza nyavu ziko wapi."

"Nyavu zinanipa mbasa, mdogo wangu. Hilo shimo litakupa nini?"

Lilitupa uozo. Kufika Machi mishubiri ilikuwa imesimama kwenye maji kama miguu ya mtu aliyechoka kwenye beseni. Shina likawa la kahawia, laini kama ndizi iliyosahaulika kwenye begi, ukigusa majani yote yanabaki mkononi na harufu yake hutaki kuijua. Iliyopona ni michache iliyoanguka kutoka kwenye rundo siku ile, ikabingirika kwenye mawe, ikasahauliwa. Mwalimu Komba hakugomba. Alituambia tuangalie iliyo hai iko wapi, akaondoka tena. Mwalimu Komba anafundisha kwa kuondoka, mtamzoea.

Mimi nilidhani tutafukia mashimo. Dada Skola akasema tusifukie, tuyageuze. Pale tulipolaza nyasi tukalaza mawe na changarawe, juu yake mchanga mnene tuliopandisha kutoka ufukweni, na mshubiri ukakaa juu kabisa, begani mwa tuta. Shimo likabaki kupokea maji yote ambayo mmea hauyataki. Ndiyo hiyo miraba ya mawe mnayoiona sasa. "Wamatengo wamechimba, Wanyasa wameleta mchanga," Dada Skola alisema, "na mkiulizwa nani kabuni, semeni ni mimi." Tunasema ni yeye.

Miaka miwili alinifundisha, na sehemu kubwa ilikuwa kunishika mkono nisifanye kitu. Nilikuwa nimelelewa kwamba mkulima akikaa, shamba linajua. Yeye akawa ananiambia: Stela, weka ndoo chini. Stela, kaa. Mvua zikinyesha usifanye chochote isipokuwa kuangalia kama maji yanapita. Kiangazi fanya pungufu ya hapo. Majani yakiwa mekundu mwezi wa tisa si ugonjwa, mmea unajibana tu, unatumia kidogo ulicho nacho. Ukitaka kumtenga mtoto aliyechipua pembeni ya mama yake, subiri afikie ukubwa wa kiganja. Kisu kipitishe kwenye makaa kwanza, kikipoa ndiyo ukate, kidonda kipake majivu, halafu mche ulale kivulini bila udongo mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa. Wanaona kitu hai kimelala bila udongo, wanakihurumia, wanakipanda kibichi, kinaoza.

Kwa kifupi, Oresta, kazi kubwa ya kiranja wa bustani hii ni kuwazuia watu wema. Watu wabaya hawaji huku. Watu wema wanakuja na maji.

Na hapo nafika kwenye kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya, ambayo ni ya mwaka huu.

Mama Gaudensia wa jikoni mnamjua. Ndiye anayejua nani hajala bila kumuuliza mtu, na anayemwekea ukoko wa ugali yule aliyepata barua mbaya kutoka nyumbani. Ambalo wengi hamlijui ni kwamba alikuwa na mtoto anaitwa Dominiko, aliyefariki kwa homa kabla hajaanza darasa la kwanza. Alizikwa kwenye makaburi ya chini, karibu na ziwa. Msalaba wake wa mti ulishaliwa na mchwa zamani. Kilichoonyesha mahali alipolala ni mshubiri ambao mama yake aliung'oa kwenye miamba akaupanda upande wa kichwa, kwa sababu huo hausubiri mtu aje ndiyo uishi. Mwaka huu mvua zilizidi, ziwa likapanda. Lilikula uwanja wa nyumba yake, likaingia ndani ikabidi ahame, halafu likafika makaburini.

Alikuja bustanini asubuhi moja amekumbatia kitenge kilicholowa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Stela, si wewe ndiye wa mishubiri?"

"Ndiyo, mama."

Akafungua kitenge. Mshubiri ulikuwa mkubwa, wa miaka mingi, lakini umekaa majini na majani ya chini yalikuwa yameanza kuteleza.

"Pale alipolala mwanangu sasa hivi ni ziwa," alisema. "Siwezi kwenda kumpalilia. Hata nikienda sijui nisimame wapi. Nimeingia hadi hapa" (akajigusa kiunoni) "nikamtoa huyu. Nilikopanga hakuna nafasi, kuna mbuzi wa mwenye nyumba. Nitunzie."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaupokea.

Nilipouosha niliona shina limeoza. Ilibidi nikate, na ilibidi nikate mbele yake, maana makaa ya kuchomea kisu nilikuwa nayachukua kwenye jiko lake mwenyewe. Unakata kipande, unaangalia ndani. Kama bado kuna kahawia unakata tena, mpaka uone peupe. Kila nilipokata alitazama pembeni. Nikapaka majivu, nikaulaza stoo. Kidonda kilipokauka nikauweka juu ya mchanga mkavu kwenye sufuria lililotobolewa chini, pale kwenye ukuta wa kuanikia. Hauna mzizi hata mmoja, nikamweleza. Unakaa hivi hivi bila maji mpaka utoe mizizi. Akaitikia. Nikaenda zangu darasani nikijiona mtaalamu.

Siku chache baadaye nikakuta mchanga umelowa.

Nilidhani ni wanafunzi. Nikachukua boksi, nikaandika kwa herufi kubwa USIMWAGILIE, nikalichomeka pembeni. Kesho yake mchanga umelowa tena, na kibao changu, nilichokuwa nimekichomeka upande, kimenyooshwa vizuri. Sikuelewa mpaka nilipotoka mapema siku moja baada ya uji nikamwona Mama Gaudensia ameinama pale na kikombe cha bati, anamwaga, anazungumza kidogo, ananyoosha kibao, anarudi jikoni. Kibao alikisoma. Alidhani ni cha kuwazuia watoto wa shule.

Nikaenda kwa Mwalimu Komba.

"Mwalimu, Mama Gaudensia anaumwagilia."

"Mwambie aache."

"Naomba umwambie wewe, mwalimu."

"Mimi si kiranja," akasema, akaondoka.

Nilipouinua mshubiri, chini palikuwa kahawia tena. Nikakata tena, peke yangu safari hii. Shina lililobaki halikufika urefu wa kidole gumba, na juu yake majani machache. Nililigeuza mkononi nikaona kabisa kwamba likioza mara nyingine hakuna pa kukata. Mtoto hana kaburi, na mama yake hatakuwa na hata jani.

Kwa hiyo safari hii sikuchagua siku. Mchana huo huo nikaenda jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikaanza kuchambua naye ili mikono yangu iwe na kazi.

"Mama, nilikuwa naomba tuongee kuhusu mshubiri."

"Umekufa?"

"Haujafa. Umeoza tena chini. Nimeukata."

Akaacha kuchambua. "Umeoza na nini?"

"Na maji, mama."

"Maji yenyewe kidogo tu. Kikombe. Una kiu, Stela, majani yanasinyaa, mimi nayaona."

"Una kiu, ni kweli. Lakini hauna mdomo. Mizizi ndiyo mdomo, na hauna. Maji yanakaa kwenye kidonda tu. Ukiachwa na kiu ndiyo utatoa mizizi kuyatafuta."

Akarudi kwenye maharage, akayachambua haraka haraka hadi nikadhani amenikasirikia. Halafu akasema, akiangalia ungo:

"Dominiko katika ile homa alikuwa ananiomba maji. Mama, maji. Watu waliokuwepo pale nyumbani wakaniambia nisimpe, kila akinywa anatapika, atazidiwa. Nikawasikiliza. Nikawa nalowesha kitambaa namgusisha midomo tu." Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Sasa na wewe unakuja kuniambia nisimpe."

Niliendelea kuchambua maharage nisiyoyaona. Nikawaza ni nini mmea usio na mizizi unaweza kupewa ukafaidika, maana huyu mama asingeweza kupita pale kila siku mikono mitupu, hilo niliona wazi, hata mimi nisingeweza.

"Kivuli," nikasema.

"Kivuli gani?"

"Jua la saa sita linaukausha kabla mizizi haijatoka, na mimi saa hizo niko darasani. Anahitajika mtu wa kuufunika. Jua likilegea, aufunue. Maji hapana, mama. Lakini kufunikwa unataka kila siku."

Akafikiri. "Hata kwa kitenge?"

"Hata kwa kitenge."

"Ngoja nimalize haya maharage," akasema.

Basi kidonda kilipokauka nikaurudisha juu ya mchanga mkavu, na kuanzia siku hiyo mkaona ile ajabu ya sufuria lililovaa kitenge juu ya vijiti vinne. Mlicheka, nawajua. "Mama, mgonjwa anaendeleaje?" mlikuwa mnamuuliza mkiwa kwenye foleni ya makande, naye anawajibu, "Amelala, punguzeni kelele," na kuwapunguzia mboga kidogo kwa ajili ya utovu wa nidhamu. Saa sita anafunika, jioni anafunua. Majani yakawa mekundu, yakakonda, yakajikunja kwa ndani kama mkono unaoficha kitu. Mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Siku moja nilimwona amesimama pale na kile kikombe cha bati, kimejaa. Nilisimama nyuma ya nguo zilizoanikwa nisijue nifanye nini. Akakiangalia, akauangalia mmea, akayanywa maji yote yeye mwenyewe, akafuta mdomo, akarudi kazini.

Agosti ikapita, Septemba ikapita, bomba limeshanyamaza. Mimi nilikuwa na mitihani ya kujipima na sikuwa naangalia sana. Ninyi mnajua kidato cha nne kinavyomla mtu. Jumamosi moja, siku chache kabla ya makabidhiano, nilipita kuchukua nguo zangu nikaona katikati kabisa ya yale majani mekundu pana ncha ya kijani. Ndogo, kama ncha ya penseli. Sikuigusa. Nikaenda jikoni.

"Mama, njoo."

Alitazama uso wangu akashindwa kuusoma. Tulipanda wote. Nikaondoa kitenge.

"Ushike hapa chini kwa vidole viwili, uuvute kidogo."

"Niuvute? Nikiung'oa je?"

"Vuta tu, mama. Taratibu."

Akavuta kama mtu anayemtikisa mtoto aliyelala huku akitamani asiamke. Haukusogea. Akanitazama, akavuta tena, na nguvu kidogo. Mchanga ukanyanyuka kuzunguka shina, halafu ukarudi mahali pake.

"Hataki kutoka," akasema.

"Ana mizizi, mama."

"Amekataa, Stela! Ona huyu, amekataa!" Akavuta mara nyingine, bila sababu yoyote, ili tu akataliwe tena, na akawa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, na mimi vilevile, sikuona hata aibu.

Nikashuka mbio mpaka jikoni, nikachota maji kwenye mtungi wake kwa kile kikombe cha bati, bila kuomba ruhusa ya mtu, nikapanda nayo.

"Sasa mpe."

Alipokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti kwenye changarawe, akainamisha kikombe kidogo kidogo mpaka maji yakatoka kama uzi mmoja, akayashusha pembeni ya shina, mchanga ukayanywa yote, akangoja, akashusha tena.

"Polepole, baba," alimwambia. "Polepole. Yapo mengi."